Mwaka Niliompatia Fundi wa Angani Pacha

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Nimemwona mtu Tunduru akiokota jiwe la bluu asubuhi, jioni ana marafiki mia, na mtu huyo huyo baada ya miaka miwili nimempa lifti kwenye lori langu akakaa juu ya magunia. Nimeona benki ikinikataa mkopo, kisha meneja wake akaja mwenyewe dukani kunibembeleza nifungue akaunti. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa. Leo nina malori manne, duka la vifaa vya ujenzi Majengo, na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, vyote vina maji ya moto, na Songea kwa baridi yetu ya mwezi wa sita maji ya moto si mchezo. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na mtu anayeona haya kutaja mali yake katika kitabu cha maisha yake, aandike basi cha jirani. Mambo ya nani alimzaa nani nayaruka, kila mtu anayo ya kwao. Hapa nataka kueleza mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao kazi yangu ilikuwa kusema.

Kilichonikumbusha ni msiba. Bi Zainabu, aliyeniajiri mwaka ule, alifariki mwezi uliopita, na siku ya hitima yake nilipeleka magunia mawili ya mchele na ng'ombe dume, si ndama. Baada ya dua na pilau, wanaume tulibaki kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, mbele ya nyumba ile ile ya Majengo ambayo zamani ilikuwa na banda la video ubavuni. Haikupita nusu saa, Gama akaweka sahani yake chini. Gama ni fundi wa malori tangu ujana, na sasa anayo mawili ya kwake. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila jambo moja alikosea mpaka ameingia nalo kaburini: aliiweka sehemu ya tano ya filamu zetu juu ya sehemu ya tatu. Basi. Watu wazima wenye wajukuu wakageuza viti vyao wakatazamana, na ubishi ukaanza pale pale ulipokuwa umeishia zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kama vile mtu alikuwa ametoka nje kidogo tu kuchimba dawa.

Banda lenyewe lilikuwa la mbao za mabanzi, na madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Mabenchi yalikuwa kumi, watu sita kila benchi, wakibanana saba. Mbele palikuwa na televisheni ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, deki juu yake, na pembeni kreti tupu la soda nililokalia mimi na kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Siku za wiki kulinuka moshi wa jenereta na jasho. Jumapili kulinuka ulanzi, pombe ya mianzi, kwa sababu waliotoka kwenye ulanzi walikuja moja kwa moja wakaketi nyuma. Bi Zainabu alikuwa mjane, Myao wa Tunduru. Shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mume wake aliliuza lote akanunua vyombo vile, akahamia Songea ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Banda likifa, alikuwa hana pa kurudi. Hilo nilijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliniambia kabla hajaniambia mshahara.

Mkalimani wake wa kwanza alikuwa amekimbilia Mbeya. Bila mkalimani filamu ya Kizungu ni kelele tu, watu hawalipi mara ya pili. Bi Zainabu akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikamjibu kwamba nimefanya kazi na Wazungu Tunduru. Hilo lilikuwa kweli: miezi mitano niliwabebea wanunuzi wa mawe ndoo za mchanga, na Kiingereza nilichotoka nacho kilikuwa maneno tisa na tusi moja. Akanipa boksi la kanda akasema nisome. Boksi lilikuwa na picha ya chombo kinaruka katikati ya nyota. Nikalitazama kwa makini, nikaligeuza nyuma, nikasema hii ni filamu ya safari ya angani, ina mapigano. Akasema kazi umepata, mwanangu.

Filamu zile zilikuwa saba, mfululizo mmoja, watu wale wale. Kulikuwa na chombo kikubwa kinachozunguka kati ya dunia na dunia, kina nahodha mwanamke mrefu asiyecheka, na fundi mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akikitengeneza kila kinapoharibika, yaani kila saa. Adui yao alikuwa bwana mmoja mwenye joho jeusi aliyekuwa akiwasimamisha njiani na kuwaingilia kupekua. Mimi nilifanyaje? Chakula cha mchana nilikula kwa Bi Zainabu, jikoni nyuma ya banda, ukuta wa mbao moja tu kati yetu na mabenchi. Alikuwa akisonga ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, na kisamvu cha karanga, siku ya neema dagaa wa Nyasa. Mimi nakula, huku upande wa pili wateja waliowahi nafasi wanabishana. Wakulima wa Maposeni walikuwa wakilalamikia ushuru wa mahindi, jinsi walivyosimamishwa getini na baiskeli zao na magunia yao. Nikamaliza tonge, nikanawa, nikaingia, na mchana ule yule bwana wa joho jeusi akawa Bwana Ushuru wa Angani, na kile chombo kikawa kimebeba mahindi. Banda lilinguruma. Watu walikuwa wakisema juu ya benchi leo, kesho wanayasikia kwenye filamu, na wanageukiana kusema si nilikwambia?

Kanda zililetwa moja moja na basi kutoka Dar, na mpwa wake Bi Zainabu alinunua aliyoikuta. Sisi tukazipa namba kwa jinsi zilivyofika Songea. Sehemu ya kwanza ilikwenda salama. Sehemu ya pili, yule fundi akafa. Alikufa vizuri, chombo kinawaka moto, yeye kakumbatia mtambo mpaka mwisho, na Gama, ambaye wakati huo alikuwa akilala chini ya malori ya watu pale gereji, alilia mbele za watu na hakujificha. Wiki mbili baadaye ikaja sehemu ya tatu. Nikaweka kanda, chombo kikatokea, mlango ukafunguka, na fundi yule yule akaingia anatafuna kitu, mzima wa afya. Kisha sauti ikatoka nyuma ikauliza, taratibu, huyu si tulimzika juzi? Wengine wakaanza kusimama. Mtu akataja kiingilio chake. Nilimwona Bi Zainabu kwenye upenyo wa mlango wa jikoni, ameshika mwiko, ananitazama. Nikavuta pumzi nikasema kwenye kipaza sauti: "Tulieni. Yule aliyekufa alikuwa Kulwa. Huyu ni Doto."

Sijawahi kusikia watu sitini wakikaa chini kwa pamoja namna ile. Tangu hapo mambo yalijiendesha. Nahodha akimtazama fundi kwa jicho fulani, mimi nasema anaogopa kumwambia habari za kaka yake. Fundi akicheka, nasema hajui. Mwisho wa filamu alikaa peke yake kwenye kiti mbele ya mitambo, akasema maneno matatu ya Kizungu, manne hayakufika, na mimi nikatafsiri hivi: "Kaka yangu amekufa, najua, tangu nilipoingia najua. Lakini chombo hakina matanga. Niambieni tunaelekea wapi." Wanaume walitoka nje wakasimama barabarani bila kwenda popote.

Ubishi wa kupanga zipi bora ulianza wenyewe, na Bi Zainabu akaufanya biashara. Kila Jumapili baada ya alasiri, wa kanisani wameshatoka na wa msikitini wameshatoka, alipanga makopo saba ya maziwa juu ya benchi, na kila aliyelipa alipewa punje moja ya hindi atumbukize kwenye kopo la filamu anayoiona bora. Matokeo yaliandikwa kwa chaki mlangoni. Jumapili ya kwanza watu hamsini na nane walipiga kura mia moja na arobaini. Wa Maposeni walikuja na punje mifukoni. Bi Zainabu hakugombana na mtu, wiki iliyofuata alitoa korosho mbichi zenye maganda, alizoletewa kutoka Tunduru, kitu ambacho kwa Songea huokoti njiani. Kambi zikawa mbili. Sehemu ya tatu ilikuwa ya Doto, na mwenyekiti wake ni Gama. Sehemu ya tano ilikuwa ile ambayo chombo kinavunja geti la Bwana Ushuru na kupita na mahindi yote, na hiyo ilishikwa na wakulima na wafanyabiashara. Gama aliwaambia mtu anayependa sehemu ya tano ni mtu asiye na ndugu. Wao wakamjibu mtu anayependa sehemu ya tatu hajawahi kuuza gunia.

Katikati ya baridi akaanza kuja Mwalimu Kaijage. Alikuwa mgeni kutoka Bukoba, mwalimu wa sekondari, na somo lake, niliambiwa kabla hajakaa, lilikuwa Kiingereza. Aliingia na koti lake refu, watu wakamwamkia shikamoo Mwalimu kutoka benchi hadi benchi, akapewa nafasi ya mbele, hatua tatu kutoka kwenye kreti langu. Siku ile nilisema maneno machache kuliko siku zote. Nilisema anakuja, anaondoka, amekasirika. Watu wakaanza kuguna, mmoja akauliza Mkalimani leo umemeza nini, na Bi Zainabu kule jikoni akagonga mbao kwa mwiko mara mbili. Nikaona niseme nisiseme, kufukuzwa ni kule kule. Nikarudia mwendo wangu. Nilitambua kwamba Mwalimu alikuwa akicheka mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyecheka, peke yake, kabla sijafungua mdomo, na mahali walipocheka wote yeye aliniangalia mimi. Akawa anakuja kila wiki. Miezi mitano nilifanya kazi ile jasho likinitoka mgongoni, baridi yote ya Songea, kwa sababu neno moja la mtu yule lingetosha kulifunga banda, na mama wa watu angebaki na televisheni ndani ya kizimba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Bi Zainabu alitangaza kwamba filamu itakayoshinda ndiyo itakayoonyeshwa sikukuu nzima, na nyingine hazitaguswa. Watu walijaa mpaka wakaketi chini. Ubishi ukafika kwenye Doto: anapokaa kwenye kile kiti, anajua kaka yake amekufa au hajui? Wa sehemu ya tano wakadai hajui, mkalimani ametia chumvi, na kama hajui basi filamu yote ya tatu haina uzito. Hapo Gama akasimama. Akasema kelele za nini wakati msomi yupo? Akamgeukia yule mtu wa koti. "Mwalimu, wewe Kiingereza ndiyo kazi yako. Tuwekewe pale mahali, usikilize, utuambie huyu bwana anasema nini. Ukishasema, hakuna rufaa."

Bi Zainabu aliniashiria nirudishe kanda. Nilirudisha. Nikapitiliza, nikarudisha tena. Fundi akakaa kwenye kiti, akasema maneno yake. Sikutafsiri. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasema kwamba mkalimani wenu husema mengi kuliko aliyeandika filamu. Watu wakacheka, wengine wakanipigia makofi. Gama hakucheka. "Kwa hiyo ni kweli au si kweli, Mwalimu?" Mwalimu akainuka na korosho yake, akatembea mpaka kwenye makopo. "Mimi kura yangu naitia sehemu ya tatu," akasema, na ikasikika ikigonga bati. Ikawa sare. Ikabaki korosho moja ya mwenye banda, na Bi Zainabu, ambaye kwenye maisha yake alisimamishwa kwenye mageti mengi, akaitia sehemu ya tano. Hiyo ndiyo dhambi ambayo Gama hajamsamehe hata mbele ya pilau ya hitima yake.

Watu walipotoka, Mwalimu alikuja jikoni. Bi Zainabu akampa kigoda na sahani, akaondoka kwenda kuhesabu kiingilio chake. Mwalimu akala tonge mbili tatu bila haraka. Kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kijana, kichwa unacho, lakini kichwa bila maneno utakuja kukilipia. Niko likizo mpaka Januari. Njoo nyumbani asubuhi. Sitaki hela yako." Nikamjibu kwamba Kiingereza ninacho, isipokuwa kile cha filamu kinatofautiana na cha shuleni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei. "Njoo hivyo hivyo," akasema.

Nilikwenda. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Jumatano, nimevaa shati la kupiga pasi, nikabisha hodi nyumba za walimu. Mke wake alitoka na sufuria ya ndizi mkononi, akatabasamu vizuri kabisa, akasema: "Karibu mwanafunzi. Mwalimu anavaa." Neno hilo, mwanafunzi, halikunikaa. Mjini nilikuwa Mkalimani. Watu wazima walininunulia chai wakaniuliza maana ya nyota. Nikaketi, nikanywa chai, Mwalimu alipotokea na daftari jipya nikasimama nikamwambia nilipita tu kuwasalimu kwa sikukuu. Akaweka daftari mezani. Hakunishika mkono wala hakunisuta. Januari nilikuwa na shughuli, Februari nilikuwa na shughuli, na kabla ya Pasaka alihamishwa. Mwaka ule ukawa umekwisha, na mimi nikatoka bandani nikaanza kuuza mahindi, na mahindi yakawa lori, na lori likazaa. Nilisema moyoni: Kiingereza hakijanikosesha chochote. Nilisema hivyo kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi hesabu ilinikubalia.

Sasa nirudi kwenye turubai. Wanabishana, na mjukuu wa marehemu, Mwajuma, anayesoma chuo, anapitisha chai. Akasikiliza, akacheka kwa adabu, akatoa simu. Filamu zote saba zilikuwemo, na maandishi ya Kiswahili chini. Akatuonyesha. Sehemu yetu ya pili, kumbe kwa wenyewe ilikuwa ya sita. Fundi ni mmoja tangu mwanzo. Joho jeusi si mtoza ushuru, ni baba mkwe wa nahodha. Na mahindi hakuna, hata punje. Wazee walitazama kwa zamu, simu ikapita mkono hadi mkono, mmoja akasema hiyo imekatwa na Wachina, ile ya zamani ilikuwa ndefu. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Kwa mtu asiyejua, niongeze hapa kwamba miaka mitatu iliyopita mimi, Gama na wenzetu watatu tulipata kazi ya kusomba makaa ya mawe kwa kampuni moja ya wageni, jina lake naliacha. Mkataba ulikuwa kurasa nane za Kiingereza. Tulikaa kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba yangu ya wageni, na yule karani aliyeuleta akauliza kama atafutwe wakili wa kutusomea. Gama akamwambia wakili wa nini, huyu hapa ndiye mkalimani wetu tangu zamani. Nikavaa miwani. Nikausoma ukurasa kwa ukurasa, sauti ikiwa ile ile ya kwenye kreti: mafuta ni ya kampuni, kuchelewa kwa sababu ya mvua kunasamehewa, malipo kila mwezi. Wakasikiliza wakaridhika. Wakatia sahihi. Mafuta yalikuwa yetu, mvua haikusamehewa, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na faini. Kwa kuwa msomaji ni mimi, nilibeba hasara ya malori yote ya wote watano, na nikawaambia wenzangu kwamba kampuni iligeuza masharti. Waliniita mtu mkubwa.

Basi chini ya turubai, nikiwa nimeshika simu ya Mwajuma, nikasema. Sijui kwa nini pale. Nikasema Kiingereza sikuwahi kukijua, Doto nilimbuni mimi kwa kuogopa, na Bwana Ushuru pia. Nikangoja. Gama alikuwa akijichokonoa meno.

"Sisi tulijua," akasema. "Pacha gani hao wana kovu moja shavu moja? Hata Bi Zainabu alijua. Tulikuwa tunakulipia wewe, si ile televisheni."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, kama mambo ya kawaida. Nikamuuliza, basi kama mlijua, kwa nini siku ile ya mkataba mliniachia nisome?

Gama akakitazama kile kijiti cha meno, akakitupa. "Ndugu yangu, ilishapita miaka ishirini. Tulidhani umeshajifunza."

Nilimrudishia Mwajuma simu yake, nikamalizia chai. Mafuta, faini na siku za mvua, malori ya watu watano kwa miezi minne, nililipa peke yangu, na risiti ninazo: shilingi milioni arobaini na moja, laki tatu, elfu themanini na sita na mia tano.